Michembe imenirudisha kwa bibi, ila ladha yenyewe haiji. Wasukuma nisaidieni, wengine njooni na za kwenu

Mtoto wa Ngudu

Wakuu, habari za jioni.

Juzi mama mdogo kanitumia mzigo kwa basi kutoka Mwanza. Nimeufuata stendi ya Mbezi saa nne usiku, nikaupakia kwenye bajaji, uvumilivu ukanishinda nikaufungua humo humo. Juu dagaa. Chini ya dagaa, mchele. Chini kabisa, kwenye kipande cha kitenge kilichofungwa fundo, michembe. Nikazamisha pua. Dereva ananiangalia kwenye kioo, akauliza, "Bosi, hiyo ni dawa?" Nikamwambia ni chakula. Akasema, chakula gani kinanuka vumbi.

Kwa msioijua: michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa vibichi, vikachanjwa vipande vyembamba, vikaanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Kwetu hiyo ndiyo akiba ya kiangazi. Ukivichemsha kwanza ndipo ukavianika, hayo ni matobolwa, na atakayevichanganya hivyo viwili asijiite Msukuma.

Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama, kijiji kimoja nje kidogo ya Ngudu, huko Kwimba, tangu sijaanza shule mpaka darasa la nne. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mwamba mweusi, mpana kama uwanja wa netiboli. Viazi vikishachimbwa, mwezi wa sita wa saba hivi, mwamba wote unageuka mweupe. Bibi anachanja akiwa amekaa chini kanyoosha miguu, kisu kinakuja moja kwa moja kwenye kidole gumba na kusimama hapo hapo. Sikuwahi kumwona akijikata. Kazi yangu mimi ilikuwa mbuzi. Nakaa chini ya mkwaju na fimbo, mbuzi akisogea namfukuza. Saa nane mchana ule mwamba unaunguza nyayo, na mbuzi alikuwa anaisubiri saa hiyo hiyo. Anajua sitamfuata. Jioni kabla ya umande tunakusanya. Michembe iliyokauka sawasawa ukiimimina kwenye tenga inalia kama vigae. Ikiwa kimya, bibi anairudisha mwambani kesho yake.

Sasa shida yangu. Jumapili nimepika. Nimeosha, nimechemsha kama saa nzima, nimeponda, nimetia karanga za kusaga nzuri kabisa. Mama watoto kaonja akasema tamu. Mtoto wa mwisho kauliza kama viazi vimeoza. Mimi nimekula sahani mbili, na kweli ni tamu, lakini siyo ile. Kuna kitu kimepungua. Chumvi siyo, nimejaribu. Ni kama kusikia sauti ya mtu unayemjua chumba cha pili, unafungua mlango unamkuta mwingine.

Wasukuma mliomo humu, bibi zenu walikuwa wanatia nini? Na wengine karibuni na za kwenu.

Kijiko Kirefu

Natandika mkeka hapa. Sitoki.

Ng'ombe Mia

Mkuu shida yako ni gesi. Michembe inataka chungu, kuni na moshi. Umepika kwenye sufuria, jiko la gesi, sakafu ya vigae, halafu unataka ladha ya Kwimba? Hata ugali wa huko Dar siyo ugali.

Na uliza pia aina ya viazi. Siku hizi watu wanalima viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Vizuri kwa watoto, sikatai, ila vikikaushwa siyo vile vyeupe vya zamani.

Mtoto wa Ngudu

Ng'ombe Mia, michembe ni myeupe, nimeiangalia. La moshi nalikubali nusu. Jana nimeazima jiko la mkaa kwa jirani nikarudia. Imekaribia kidogo tu. Bado.

Bin Kibokoni

Mie ni wa Mombasa, michembe siijui, lakini hiyo ya kufungua mlango ukamkuta mwingine naijua vizuri sana.

Kwangu ni mbaazi za nazi na mahamri. Nyanya alikuwa haamshi mtu. Unaamshwa na mbuzi ya nazi. Unasikia krrr, krrr uani, kabla ya adhana ya alfajiri, unajua leo ni Ijumaa. Nyanya kaikalia mbuzi, sinia chini ya lile jino la chuma, nazi inazunguka mkononi mwake kama usukani. Tui la kwanza zito analiweka kando. La pili na la tatu jepesi ndilo la kuchemshia mbaazi, na lile zito linaingia mwisho kabisa, na likishaingia hakuna kufunika chungu wala kuacha kukoroga, lisije likakatika. Mimi nilikuwa napewa machicha na sukari kidogo ninyamaze.

Halafu babu. Babu alikuwa na hamri lake, la kwanza kutoka karaini, hakuna mtu analigusa. Analipasua, anatazama ndani kama lina uwazi. Likiwa limejaa unga, anasema "leo umelala na hasira." Nyanya hajibu. Ameoana naye miaka hamsini, atajibu nini.

Siku hizi nanunua mahamri mtaani, mengine mazuri kuliko ya nyanya, niseme kweli. Iliki ipo, uwazi upo. Na kila nikilipasua natazama ndani kwanza. Mke wangu aliniuliza mara moja natafuta nini.

Kijiko Kirefu

"Leo umelala na hasira" 😂😂 naichukua hiyo.

Mzee wa Migombani

Ngoja niwaletee baridi ya Marangu.

Nyie mna viazi na mbaazi, sisi tuna ndizi, na bibi yangu alikuwa na ndizi ya kila jambo. Mtori kwa mama aliyejifungua, na sisi watoto tunazunguka nyumba ya mzazi kama nzi, maana sufuria ya mzazi haikosi nyama. Kiburu siku za kawaida, ndizi na maharage vikapondwa na magadi kidogo. Mbivu zinakwenda kwenye pombe ya mbege pamoja na ulezi. Akikupikia kiburu jumatatu mpaka jumamosi unanuna, ila leo niko Dodoma nalipa hela nzuri kwa mama mmoja anapika kiburu kibovu, na nakimaliza.

Lakini kumbukumbu yangu kubwa ni ya babu na kisusio. Desemba wote tumepanda, wa Dar, wa Arusha, wa Nairobi, mbuzi anachinjwa mgombani. Babu ndiye anakinga damu, anakoroga kwa kijiti isigande, huku anaita majina ya waliotangulia. Damu inapikwa na supu, inapita kwenye kata, kwa kufuata umri. Mimi mdogo, kwa hiyo kata inanifikia ikiwa imebaki chini chini. Nikanywa, nikajisikia vibaya, nikatapika mbele ya wajomba wote. Babu akacheka mpaka akakaa. Akasema huyu atakuwa padri.

Sikuwa padri. Na kisusio nilikipenda nikiwa na miaka thelathini na kitu, babu alishaondoka.

Umande wa Mara

Wakuu, mimi naona nitaharibu sherehe.

Kila uzi wa namna hii watu wanalia machozi ya chakula cha bibi. Mimi nimekulia Tarime. Chakula cha bibi yangu kilikuwa ugali wa udaga, asubuhi uji wake, mchana wenyewe, usiku wenyewe. Sitaki kuuona. Kuna mtu aliniwekea mezani kwenye harusi moja, eti "vyakula vya asili", nikahamia meza nyingine.

Mwaka 1985 nilikuwa na miaka minane. Mvua ilikataa. Mahindi hakuna, mtama hakuna, umebaki muhogo mchungu, na muhogo wakati wa ukame sumu yake inazidi. Udaga wa kweli una siku zake: unamenywa, unarundikwa na kufunikwa mpaka uote ukungu, unakwanguliwa, unaanikwa, ndipo usagwe. Sasa mtu ana watoto sita wanalia leo, atasubiri ukungu? Watu walikuwa wanatwanga na kuanika siku hiyo hiyo na kupika. Watoto wakaanza kuamka asubuhi miguu imekakamaa. Kijana wa jirani yetu, tuliyecheza naye mpira wa makaratasi, alilala mzima akaamka hawezi kusimama, na tangu siku hiyo alitembea na fimbo mbili, kwa ncha za vidole. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ugonjwa unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa, na kwamba madaktari walikuja kuuandika huko kwetu Tarime.

Kwa hiyo mkisema ladha ya zamani, mimi nauliza zamani ipi. Kuna watu ladha yao ya utoto ni njaa.

Mtoto wa Ngudu

Umande, hujaharibu kitu. Nimesoma mara mbili. Bibi yako alikuwa anasubiri ukungu?

Umande wa Mara

Alikuwa anasubiri. Tulilala njaa siku tatu nzima tukinywa maji ya majani huku muhogo umefunikwa pale kwenye pembe ya nyumba, tunauona. Kaka yangu alijaribu kuuiba usiku akachapwa mpaka jirani akaja kuamua ugomvi. Tulimchukia bibi. Tulikuwa wajukuu watano, na wote tunatembea mpaka leo.

Udaga bado sitaki.

Kijiko Kirefu

Sina la kuongeza hapo.

Binti Kikwajuni wa Maskati

Asalaam aleikum. Nawasoma kutoka Maskati, nami nina bibi wangu.

Mimi nimezaliwa huku. Bibi aliletwa na wanawe miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi na kuwaita watu warudi. Lakini yeye "kurudi" alikuwa halitambui hilo neno, kwa sababu alizaliwa Ng'ambo, Unguja, na Omani alikuwa hajapata kuiona. Akifika sokoni anasema Kiswahili, hataki kusikia habari. Muuza samaki wa Matrah ndiye aliyejifunza.

Chakula chake ni mkate wa kumimina. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa na tui, hamira, sukari, iliki, unaachwa uumuke, ndipo unaumimina kwenye sufuria. Anasimulia kwamba kwao ulikuwa unatiwa moto juu na chini, makaa juu ya kifuniko. Huku ana jiko la umeme, na tui la kopo. Ee, hilo tui la kopo! Kila akilifungua anasema, "hili limekufa zamani, mimi nalizika tu." Baba yangu akamletea nazi nzima kutoka Salala. Wasiojua, Salala iko kusini, ina minazi na mvua, lakini kutoka Maskati ni kilomita kama elfu moja za jangwa. Baba aliendesha gari kwa kazi zake, akarudi na gunia la nazi kwenye buti. Bibi akaipasua ya kwanza, akaonja maji yake, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nazi. Lakini haijui Kiswahili."

Mkate wa siku ile tuliula wote, tukausifu. Yeye alikula kipande kimoja. Mtoto wa Ngudu, nadhani bibi angekuelewa.

Ng'ombe Mia

Haijui Kiswahili 😂 huyo bibi angeingia humu angetufunga wote.

Mama Kundi

Wanangu, mimi si mtu wa kuandika sana, nina miaka sitini na saba, simu ni ya mjukuu. Ni wa Magu.

Mtoto wa Ngudu, watu wamekwambia gesi, wamekwambia chungu. Jibu umeliandika mwenyewe na hukuliona. Mbuzi ulikuwa unawalinda umekaa chini ya mti gani?

Mtoto wa Ngudu

Shikamoo mama.

Mkwaju.

Hapana. Subiri.

Mama Kundi

Marahaba mwanangu. Michembe hupikwa na karanga ukiwa nazo. Ukiwa huna, unaloweka ukwaju, unakamua, unachuja, unatia yale maji kwenye michembe inapokaribia kuiva. Inakuwa na uchachu, na inateremka kooni bila kukaba. Vijana wa mjini wanajua karanga tu kwa sababu wanapika ya sherehe.

Na huyo Umande wa Mara asione kama yuko peke yake. Sisi tumekula yanga, ule unga wa njano wa msaada kutoka Marekani, tukauita yanga kwa ajili ya rangi ya jezi ya timu ya Yanga. Ulikuwa unapangiwa foleni. Ninyi mnauliza ladha, sisi tulikuwa tunauliza kama umefika.

Mtoto wa Ngudu

Wakuu, nimetoka sokoni Tabata sasa hivi, nimenunua ukwaju. Nimeloweka, nimekamua kwa mkono, nimechuja kwa chujio la chai. Nimetia kwenye michembe iliyobaki bila karanga kabisa.

Nimeonja nikiwa nimesimama jikoni. Ni yenyewe. Sijui niwaambie nini. Nimezima jiko nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mama watoto akaja kuuliza kama nimejiunguza.

Na vitu vimerudi ambavyo sikujua kama ninavyo. Bibi akikamua ukwaju alikuwa anavua bangili moja ya shaba, anaivalisha kwenye mkono wangu niishike, kubwa inafika kwenye kiwiko. Mimi nasimama hapo na bangili mpaka amalize. Hiyo bangili sijaifikiria miaka thelathini.

Kesho nampigia mama. Kuna kitu hakijakaa sawa: binamu zangu wote nimewauliza kwenye grupu la ukoo, hakuna anayekumbuka ukwaju. Wote wanasema karanga. Na tulikula chungu kimoja.

Bin Kibokoni

Tunangoja. Usitulaze na njaa kama udaga.

Umande wa Mara

😂 Huo utani nimeuruhusu mara moja tu.

Mtoto wa Ngudu

Nimeongea na mama. Kwanza kacheka, halafu akanyamaza, halafu akasimulia. Nafupisha.

Bibi alikuwa mtu wa karanga. Miaka yote michembe yake ni ya karanga, binamu zangu wako sahihi. Ila mwaka niliotakiwa kuanza darasa la kwanza, pamba ilichukuliwa kwa karatasi, mkulima unapewa risiti unaambiwa hela itakuja. Haikuja mpaka msimu mwingine. Mama na baba wako mjini, nao mambo yamewaendea kombo. Bibi akauza karanga zote, hakubakiza hata za mbegu. Shati jeupe, kaptula ya bluu, madaftari, viatu vya plastiki. Vyote ni karanga. Kwa hiyo msimu ule mzima tulikula michembe kwa ukwaju, kwa kuwa mti ulikuwa pale pale na hauuzwi.

Binamu zangu walikuja kuishi pale mwaka uliofuata, karanga zimesharudi.

Sasa hapa ndipo mama alipoanza kucheka tena. Anasema karanga ziliporudi mimi niligoma kula. Nimezoea uchachu, nikalia, nikasema chakula kimeharibiwa. Wenzangu wananishangaa. Bibi akasema mwacheni. Kuanzia hapo, kila akipika, anapakua wote, halafu kuna kikombe kidogo cha bati kando chenye maji ya ukwaju, anamimina kwenye bakuli langu peke yangu. Miaka mitatu, mpaka nahamia mjini. Mama anasema alikuwa akija likizo anamwambia, "unamdekeza huyu," na bibi anajibu, "huyu alianza kula hivi kwa ajili yangu."

Mimi nilikuwa nadhani ndiyo mapishi ya nyumba.

Binti Kikwajuni wa Maskati

Allah amrehemu. Nimemsomea mama yangu kwa sauti, sasa yuko jikoni anapasua nazi na wala hatuna mgeni leo.

Umande wa Mara

Sawa mkuu. Huo ukwaju nimeuelewa.

Sijabadilika kuhusu udaga. Ila nimempigia kaka, yule aliyechapwa. Tumeongea dakika arobaini, na kawaida yetu ni mbili.

Mzee wa Migombani

Mleta uzi tupe vipimo basi, maneno tumeshiba. Michembe kilo moja ukwaju kiasi gani? Na hapa Dodoma ukwaju ni wa kumwaga, tatizo michembe.

Mtoto wa Ngudu

Mimi nimetumia michembe nusu kilo, ukwaju bonge la kujaa kiganja, maji ya uvuguvugu vikombe viwili, loweka kama nusu saa. Tia mwishoni, ukiwahi kuutia michembe inagoma kuiva. Sukari usitie, chumvi kidogo tu. Michembe nitakutumia, mama mdogo kasema anafunga kiroba kingine wiki ijayo.

Na hakikisha umechuja vizuri kokwe zote zitoke. Yule wa mwisho, aliyesema viazi vimeoza, jana kameza moja akiwa anakomba bakuli.